Makofi ya mama yangu, na duara nililokaribia kulivunja

Kama hujawahi kukaa kwenye duara la watu wanaoimba na kucheza pamoja huwezi kujua kazi ya mtu anayepiga makofi tu. Mi mwenyewe sikuijua kwa miaka karibu 6, na nilikuwa ndani ya duara lenyewe, tena naitwa kiongozi. Mama yangu alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki upande wa kulia wa ngoma kubwa, goti lake la kushoto halikunji vizuri kwa hiyo hachezi, sauti nayo imeshakwaruza, anapiga makofi basi. Anavikunja viganja kidogo katikati kama mtu anayetaka kuteka maji, ili kofi litoke zito lisitoke kali, na hapigi pale ngoma inapodunda, anapiga katikati, kwenye kale kanafasi ambako kila mtu amenyamaza. Mi nilikuwa naona ni mtu mzima anajifurahisha tu, aache ajifurahishe.

Nimeulizwa mara nyingi nimejifunza nini kwenye hizi shughuli za kuimba na kucheza pamoja, hasa baada ya yale ya getini ambayo nitayasimulia mbele, na kila nikianza kujibu najikuta nimerudi kwenye yale makofi. Kwa hiyo leo naanza nayo.

Duara letu lilianza na watu 7. Tulikuwa tunakutana Alhamisi jioni baada ya kazi, kwenye ukumbi wa kuazima, hatuna jukwaa, hatuna watazamaji, tumekaa tu mviringo na ngoma 2 na manyanga, watoto wamelala pembeni juu ya mabegi na makoti. Mtu anaanzisha wimbo, wengine wanaupokea. Akichoka mwingine anachukua. Anayetaka kucheza anaingia katikati, akimaliza anamgusa mtu bega na yule anaingia, ambaye hataki anatikisa kichwa na hakuna anayemsumbua. Ukija umechelewa unaingia hapo hapo wimbo ulipofika, viitikio ni vifupi, mizunguko 3 ushashika, mzunguko wa 4 unaimba kama umezaliwa nao. Watu wa nje wakisikia wanasema mbona mnarudia rudia kitu kimoja dakika 10, jamani huko kurudia ndo mlango wenyewe! Wimbo ukibadilika kila sekunde, mgeni ataingilia wapi?

Na zilikuja familia nzima nzima, hilo sikulipanga. Mume wangu mwanzoni alikuwa ananuna, kila Alhamisi vyombo vinamsubiri yeye, mtoto anarudi saa 4 usiku amelala begani, na alikuwa na haki ya kununa kwa sababu nilikuwa nimeamua peke yangu kwamba jioni ile ni yangu. Siku moja kijana wa ngoma aliumwa, nikamwomba mume wangu aje anisaidie kubeba ile ngoma kubwa tu, akaibeba, akaiweka chini, akabaki mlangoni amekunja mikono, halafu wimbo wa pili nikamwona mguu unatikisika. Hajaacha kuja tangu siku hiyo. Tulikuwa pia na watu wawili walioachana, ndoa imevunjika vibaya, mahakamani na kila kitu, na wote wawili waliendelea kuja. Mmoja anakaa upande huu mwingine upande ule, hawasalimiani, lakini kiitikio kikifika wanaitikia pamoja na mtoto wao yuko katikati anacheza. Sijui kama ile iliwasaidia wao. Yule mtoto najua ilimsaidia, aliniambia mwenyewe alipokuwa mkubwa kidogo, kwamba pale ndo mahali pekee alipowasikia wote wawili kwa wakati mmoja bila kelele.

Sasa nisimulie kosa langu.

Mwaka wa 5 hivi tulialikwa kwenye shughuli moja tuimbe mbele ya watu. Tukaimba, tukapigiwa makofi mengi, tukapigwa picha, wakaja wengine wakasema na sisi mtuimbie. Nikapanda kichwa, siwezi kusema vingine. Nikaanza kuwaza kwamba duara letu likinyooshwa kidogo litafika mbali, nikaleta sare, nikapanga watu mistari, warefu nyuma wafupi mbele, nikaanza kuchuja sauti, huyu soprano, huyu besi, huyu… huyu naomba uimbe taratibu kidogo. Yaani nilimwambia mtu mzima, mama wa watoto 4, aliyekuwa anakuja pale tangu siku ya kwanza, kwamba siku ya shoo afungue mdomo tu asitoe sauti. Alicheka. Nikadhani ameelewa. Na siku moja mbele ya watu wote nikamwambia mama yangu mzazi apunguze makofi kwa sababu anawachanganya vijana, makofi yake hayaendi na ngoma.

"Sawa mwanangu," akasema, akaweka mikono mapajani.

Wiki iliyofuata goti linauma. Wiki iliyofuata ana mgeni. Ikapita miezi 3 hajakanyaga, na mi nikajiambia ni umri.

Wengine nao wakaanza kupungua, hakuna aliyegombana wala aliyeaga, unashtukia tu viti vimezidi. Tulikuwa tumefika watu 30 na kitu, tukashuka mpaka 12, na wale 12 walikuwa ndo waimbaji wazuri hasa, ungetegemea sasa mambo yangependeza. Yakawa hayapendezi. Kila wimbo ulikuwa unakimbia, tunaanza mwendo wa kutembea tunamaliza mwendo wa kufukuzwa, wachezaji wanahema, na tukimaliza tunatazamana kama watu walioshuka kwenye basi lililoendeshwa vibaya. Nikalaumu vijana wa ngoma. Kijana mmoja akachoka na lawama zangu akatoa simu, akatafuta rekodi ya zamani ya wimbo ule ule, beti zile zile, tukasikiliza ya zamani halafu tukasikiliza ya wiki ile. Ya zamani ilikuwa dakika 6 na kidogo, ile mpya haikufika dakika 5. Akarudisha ya zamani mwanzo, akaniwekea simu sikioni kabisa, akasema, "Dada sikiliza vizuri, bibi hayupo."

Nikasikia. Chini kabisa, nyuma ya sauti zote, lile kofi zito la katikati, pah, pah, halisogei hata chembe. Watu 30 na ngoma 2 walikuwa wamefungwa kwenye viganja vya mwanamke mmoja mwenye goti bovu kama mbuzi kwenye kigingi, na mi nilimwambia apunguze.

Baada ya hapo ndo nikaanza kusoma, kwa sababu nilitaka kujua nimeharibu nini hasa. Kuna mtaalamu wa muziki na jamii, Mmarekani, Thomas Turino, mwaka 2008 aliandika jambo ambalo lilinikalisha chini. Anasema muziki wa kushiriki na muziki wa kuonyesha ni vitu viwili, usidhani ni kimoja kizuri na kingine kibaya, ni kazi mbili tofauti zenye vipimo tofauti. Wa kuonyesha unapimwa kwa jinsi ulivyosikika. Wa kushiriki unapimwa kwa watu wangapi wameingia na wametokaje. Ndo maana wa kushiriki una vipande vifupi vya kurudia, mwanzo na mwisho wake haujanyooka, na sauti zinapandana mpaka hujui nani ni nani, na ule unene wa sauti, ule ambao mi nilikuwa nauita uchafu, una kazi yake, unamfunika mtu mwenye aibu. Anaweza kukosea ndani yake na asisikike, akarudia, akakosea tena, mpaka siku moja hakosei. Nami nilikuwa nimekaa miezi nauchuja ule unene ili kila sauti isikike wazi. Nilikuwa namvua mtu nguo mbele za watu halafu nashangaa haji tena.

Jambo lingine alilosema ni kwamba kazi ndani ya duara zinatakiwa ziwe za uzito tofauti, ziwepo ngumu za kumchosha fundi na nyepesi za kumpokea mgeni, zote kwa pamoja kwenye wimbo mmoja. Ukiweka ngumu tupu mgeni anakimbia, nyepesi tupu fundi anachoka. Sisi tulikuwa nazo zote bila kujua, nikazifuta.

Nilikwenda kwa mama siku ya Jumapili. Shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, goti je, goti linaendelea, tukazunguka zunguka hivo nusu saa. Mwisho nikasema mama nimekuja kuomba msamaha kwa yale ya makofi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mi sikukasirika. Ila uliniambia nikae nitazame. Sasa mtu wa kutazama si anaweza kubaki kwake?"

Alirudi Alhamisi ile. Yule mama wa watoto 4 nilimfuata kwake mara 3 ndo akarudi, mara ya kwanza hakunifungulia. Wengine hawajarudi mpaka leo na siwezi kuwalaumu. Sare tukazigawa, mistari tukaivunja, na tukaamua kitu kimoja ambacho tunacho mpaka sasa: tukialikwa mahali tunaenda, lakini viti vinapangwa mviringo na waalikaji wanakaa ndani na sisi. Asiyetaka hivyo tunamwambia kwa upole kwamba kuna vikundi vizuri sana vya jukwaani, atafute.

Kuna jambo la mwaka uliofuata ambalo huwa nalisimulia taratibu. Tulikuwa na watu wawili, mke na mume, wana mchezo wao wa watu wawili, wanazungukana bila kugusana, mmoja akirudi nyuma mwingine anasogea, walikuwa wanaucheza kila wiki mwisho mwisho. Mume akafariki. Mkewe alikaa miezi kadhaa haji, akaja akawa anakaa tu, halafu jioni moja wimbo ule ukaanzishwa, nadhani na mtu ambaye hakufikiria, na yule dada akasimama. Akaingia katikati akaanza kucheza upande wake. Anasogea, anarudi, anazunguka mahali ambapo hapana mtu, anaacha ile nafasi kama ilivyokuwa. Kijana mmoja wa ngoma, kwa huruma, akataka kuinuka aende kumjazia, na mama yangu bila kuacha kutazama mbele akamshika kifundo cha mkono akamkalisha. Makofi yakakatika mara 2, ndo mara pekee nimeyasikia yakikatika. Halafu akaendelea. Tuliimba wimbo ule mpaka dada mwenyewe alipoamua umekwisha.

Muda mrefu baadaye nikaja kusoma kuhusu wanawake wa Chile na nikalazimika kuweka kitabu pembeni. Kule wana mchezo unaitwa cueca, wa mwanamume na mwanamke, kila mtu na kitambaa mkononi. Baada ya mapinduzi ya Septemba 1973 watu wengi walikamatwa na serikali ya kijeshi na hawakuonekana tena, hakuna maiti, hakuna kaburi. Wake zao, mama zao na dada zao wakaunda kikundi, na tarehe 8 Machi 1978 mjini Santiago wakapanda mbele za watu wakacheza cueca, mwanamke peke yake, picha ya mtu wake imebandikwa kifuani, nafasi ya mwanamume wazi. Mwaka uliofuata, 1979, serikali ile ile ikaitangaza cueca kuwa mchezo rasmi wa taifa. Hebu fikiria, mtawala anasema huu ndo mchezo wa taifa, na tayari kuna wanawake wanaoucheza na nusu yake haipo na kila anayetazama anajua nani ameiondoa. Hawakuhitaji kusema neno. Yule dada yetu hakuwa anampinga mtu yeyote, mumewe aliugua tu, lakini nilielewa kwamba mahali pale pale tunapolilia familia ndo mahali ambapo kuidai haki kunatokea, hakuna mlango mwingine wa pembeni wa wanaharakati.

Na haki ilikuja kutugusa. Watatu kati yetu ni wanawake wa usafi, walikuwa wanasafisha kwenye jengo moja kubwa, silitaji na mwajiri simtaji, na wakawa hawajalipwa miezi 4. Barua zimeandikwa, simu zimepigwa, kila mtu anasema ngoja mwenzangu alikuwa anashughulikia. Alhamisi moja mmoja wao akaanzisha wimbo wetu wa kawaida, ule wenye nafasi ya mtu kutaja jina lake na jambo lake, kwa kawaida watu wanaweka utani, mimi fulani nimechelewa basi, mimi fulani viatu vinanibana. Yeye akaimba jina lake, akasema nadai miezi minne. Tukaitikia kama kawaida kwa sababu mdomo ulikuwa umeshazoea, halafu ukumbi ukawa mzito.

Kesho yake asubuhi tulikuwa watu 41 mbele ya lile geti. Usiku mmoja tu. Watu waliniuliza mliwakusanyaje, mlitumia mtandao gani, mlikuwa na mkakati gani, na jibu ni kwamba hatukukusanya mtu, walikuwa wameshakusanyika miaka 7. Tulikuwa tunajua nani ana gari, nani anaamka saa ngapi, nani mtoto wake anaumwa asisumbuliwe, nani akisema anakuja anakuja. Hapa huwa namkumbuka Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955 TANU, chama kilichokuwa kinadai uhuru wa Tanganyika, kilipotaka wanawake, Bibi Titi hakuanza na sifuri, alikuwa mwimbaji kwenye kikundi cha ngoma Dar es Salaam, na akaenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, ambao tayari walikuwa na watu wao, na mazoea yao ya kuzikana na kuozana. Wanawake wakaingia kwa maelfu. Estonia, nchi ya Ulaya iliyokuwa chini ya Umoja wa Kisovieti, nako ni vile vile, watu wanasema waliimba mpaka wakapata uhuru, na ni kweli kwamba Septemba 1988 watu kama laki 3 walijaa kwenye uwanja wa nyimbo wa Tallinn katika nchi yenye watu milioni moja na nusu hivi, uhuru ukarudi Agosti 1991, lakini tamasha lao la kwanza la kwaya lilikuwa 1869! Zaidi ya miaka 100 wanakutana kuimba, vizazi na vizazi, ndo usiku ulipofika wakawa wanajua pa kusimama. Anayeniambia anataka nyimbo kwa ajili ya maandamano ya wiki ijayo namwambia nyimbo nitakupa, watu sina.

Basi pale getini. Tuliimba ule ule wimbo. Mmoja mmoja wa wale watatu akasema jina lake na miezi yake, kwa sauti yake, na sisi tunaitikia. Wapo waliotaka tuimbe "tunadai, tunadai", mi nikakataa, na sababu yake nilijifunza kwa Bernice Johnson Reagon, mwimbaji wa vuguvugu la haki za Wamarekani weusi, aliyekuwa Albany, Georgia mwaka 1961 na mwaka uliofuata akawa kwenye kikundi cha Freedom Singers. Alikuwa anaeleza kwamba nyimbo zao nyingi zinasema mimi, hazisemi sisi, kwa sababu kwenye sisi mtu anaweza kujificha, hujui nani hasa amejitoa. Watu 100 wakisema mimi, pale una watu 100 kweli. Nimeona kwa macho yangu, yule dada aliposema jina lake mwenyewe mbele ya lile geti alinyooka mgongo, na mlinzi mmoja aliyekuwa anamjua kila asubuhi kama mtu wa ndoo akamtazama kama ndo anamwona leo.

Saa moja hivi baadaye likaja gari, wakashuka wanaume kama 8, hawana sare, wakasimama karibu yetu sana. Mmoja akapiga teke chupa ya maji ya mtu. Na hapo nikasikia wimbo unaanza kukimbia. Woga unakimbiza ngoma, sijui kama mnanielewa, mikono ya vijana ikaanza kuharakisha, sauti zikapanda, watu wakaanza kusogezana, na nikajua wimbo ukikimbia watu nao watakimbia, na wakikimbia kuna mtu ataanguka, na watoto tulikuwa nao. Binti yangu alikuwa na miaka 9, amenishika sketi.

Pah. Pah. Pah.

Mama alikuwa amekaa kwenye kile kiti chake, tulikuwa tumembebea. Alikuwa ameinamisha kichwa, hatazami watu wa gari, hatazami mtu, anapiga makofi yake ya katikati, mazito, mahali pale pale. Kijana wa ngoma akamtazama. Nikaona mabega yake yanashuka. Ngoma ikarudi, haikurudi mara moja, ilichukua kama mizunguko 3, kisha waimbaji wakarudi, na miguu ikarudi. Wale wanaume walisimama pale kama dakika 20 wakizungukwa na wimbo wa mwendo wa kutembea, na kumpiga mtu ambaye anaimba taratibu jina lake huku bibi anapiga makofi ni kazi ngumu. Wakaondoka. Sisemi itakuwa hivyo kila mahali, kuna mahali watu wameimba na wamepigwa na wameuawa, hilo nalijua vizuri na simdanganyi mtu.

Watafiti wa Oxford walichapisha kitu mwaka 2015, waliwapima vijana wa shule Brazil, wakaona waliocheza kwa kwenda pamoja, mapigo mamoja, wanahimili maumivu zaidi na wanajisikia karibu zaidi na wenzao. Mi nilisoma nikasema sawa, asanteni, mama yangu anajua.

Usiku ule binti yangu hakulala vizuri. Na hapa bado najiuliza, sijamaliza. Mume wangu alinikasirikia kwa kumpeleka, tuligombana kwa sauti ya chini jikoni ili asisikie na alisikia. Nilimsimulia mume wangu habari ya shule ya Highlander, kule Tennessee, Marekani, ilianzishwa 1932, mahali ambapo weusi na weupe walikuwa wanakaa pamoja wakati sheria inakataza, na ndo mahali wimbo We Shall Overcome, yaani tutashinda, ulipopita, ulifikishwa pale na wafanyakazi wa tumbaku waliogoma Charleston mwaka 1945. Mwaka 1959 polisi waliivamia usiku, taa zikazimwa, na kulikuwa na vijana wa shule ndani. Gizani wakaanza kuimba, na msichana mmoja, Jamila Jones, akaongeza maneno ambayo hayakuwepo, kwamba hatuogopi. Alisimulia mwenyewe akiwa mtu mzima kwamba polisi mmoja alikuwa anatetemeka na bunduki mkononi, akawauliza kama ni lazima waimbe, ni lazima iwe kwa sauti kubwa hivyo? Mume wangu akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Habari nzuri. Ila yule msichana aliulizwa kama anataka kuwepo?"

Sikuwa na jibu. Asubuhi nikamuuliza binti yangu, nikakaa chini tuwe sawa macho kwa macho. Akasema aliogopa sana, na anataka kurudi, lakini safari ijayo anataka kukaa karibu na bibi, siyo karibu na mimi, kwa sababu mimi nilikuwa natetemeka mkono.

Tulikubaliana hivyo nyumbani, sisi watatu: anaulizwa kila mara, akisema hapana ni hapana bila maelezo, na mmoja wetu wazazi anabaki huru asiyeimba wala kuongoza, kazi yake ni mtoto tu na njia ya kutokea. Tumelipeleka hilo kwenye duara zima na sasa kila tunapotoka kuna watu wawili wasioimba kwa ajili ya watoto na wazee. Mwanzoni hakuna aliyetaka kazi hiyo, sasa tunapokezana.

Walilipwa miezi 2 wiki iliyofuata. Haikuwa yote. Tukarudi getini mara 2 zaidi, na wimbo ukawa unabadilika kadiri deni linavyobadilika, nadai miezi minne ikawa nadai miezi miwili, na lilikuwa jambo zuri sana kuusikia ule mstari unavyopungua. Mmoja kati ya wale watatu ameshaacha kazi pale, amepata kwingine, bado anadai mwezi mmoja na bado anauimba.

Alhamisi iliyopita mama alichelewa, goti. Tulianza bila yeye, na mi nikajiandaa kwa ule mwendo wa kukimbia, nikawa nawakazia macho vijana wa ngoma. Wimbo haukukimbia. Nikageuka, binti yangu alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha plastiki, miguu haifiki chini vizuri, viganja amevikunja kidogo katikati kama anateka maji.